Uji wa Alhamisi

Dada yangu hanywi uji. Miaka kumi na saba tumekaa naye Rubondo, huku kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, kiwanja kimoja, nyumba mbili zinazoegemeana ukuta, na sijamwona akigusa uji wa mahindi, wa mtama, wala ule wa soya wanaowapa wajawazito kliniki. Ukimwekea kikombe mbele yake hasemi kitu. Anakisukuma kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza chura aliyekufa, kisha anatazama pembeni mpaka kiondolewe. Mimi nilikuwa namcheka. Nilisema ana madaha ya mke wa gavana.

Ninaandika haya kwa sababu sasa hata mimi uji haushuki, na nimechoka kuulizwa kwa nini.

Kwanza mjue dada yangu ni mtu wa namna gani. Hasahau. Simaanishi kwamba ana akili nyepesi, kwamba anashika majina ya watu na sikukuu za watakatifu. Hasahau siku hata moja ya maisha yake tangu alipokuwa na miaka kama saba. Mtajie tarehe, atakuambia ilikuwa siku gani ya wiki, kama mvua ilinyesha, alikula nini, na nani alikohoa kanisani wakati wa matoleo. Daktari kijana wa kliniki ya Base Camp, kitovu cha makazi yetu, alimjaribu kwa kalenda ya simu yake. Alitaja tarehe, dada akajibu, akahakiki, akataja nyingine. Alipofika ya ishirini aliacha, akavua miwani, akaifuta. Alituambia kwamba watu wa namna hiyo wapo duniani, wachache sana, na wasomi huwachunguza. Dada alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu alilokuwa amelibeba kutoka nyumbani.

"Dokteri, dawa ya kusahau iko?"

Daktari akampa vidonge kumi vya kichwa. Njiani nilivihesabu mara mbili. Vilikuwa tisa.

Padri anaiita karama. Wanaoisifu karama hiyo hawajawahi kula naye sahani moja. Unatia tonge mdomoni, yeye anaitazama sahani.

"Hii ndiyo ile uliyoshika Jumanne ya mafua yako," anasema. "Ulipenga kwa mkono mtupu, ukaishika hapa, fasi hii."

"Dada, imeoshwa mara elfu tangu siku hiyo."

"Sahani imeoshwa. Mimi sikuoshwa."

Sisi wengine tumepewa huruma fulani ambayo hatuishukuru. Kitu kinanuka leo, kesho kinanuka kidogo, mwakani ni hadithi, na baada ya hapo ni kichekesho cha arusini. Kwake hakuna kinachokauka. Choo kilichotumbukia kule kambini Tanzania, tulikokaa kabla ya Uganda, kikiwa na mwanamke ndani yake, kwake kimetumbukia asubuhi hii, na mwanamke bado anaita. Paka aliyeoza chini ya kitanda chetu utotoni bado yuko chini ya kitanda. Anaishi katikati ya vinyaa vyote alivyowahi kukutana navyo, vyote vibichi, na bado anafagia uwanja kila siku na kusalimia majirani.

Ndugu mwenye moyo angemhurumia. Mimi nilimpeleka sokoni.

Nauza viatu vya mtumba. Nachukua Mbarara, nauza Base Camp siku za soko, na biashara ikilala nafika mpaka Ngarama. Viatu vinakufundisha kuhesabu mara mbili, maana ukihesabu mara moja unahesabu viatu, na mteja ana miguu. Mfanyabiashara ninayechukua kwake pale Mbarara ni Mwislamu mwenye ndevu za hina na kiti cha plastiki ambacho hajawahi kumpisha mtu. Kuna furushi aliniuzia siku niliyokwenda na dada, nikalifungua nyumbani, nikakuta viatu kumi na kimoja vya mguu wa kushoto visivyo na wenzao. Nikarudi nalo. Akakana mchana kweupe.

"Muze, mimi hapana uza kushoto bila kulia. Wallahi. Hii umetoa kwa mtu ingine. Kwanza ulichukua siku gani?"

Nikamsogeza dada mbele.

"Jumatano," dada akasema, bila hasira, kama anayesoma somo kanisani. "Kanzu yako ilikuwa na doa la chai hapa kifuani. Ulikuwa unachokonoa jino la nyuma kwa ufunguo wa kufuli hiyo. Ukatoa kipande cha nyama, ukakiangalia, ukakila tena. Halafu ukapiga furushi la tatu kwa mguu, ukasema, 'Hii gredi ya kwanza, muze, hii hata waziri navaa.' Mkeo akapiga simu. Ukamwambia uko njiani, unakaribia nyumbani. Ulikuwa hata hujavaa viatu."

Wateja wawili waliokuwa wakipima viatu walicheka mpaka mmoja akakaa chini na soksi zake. Mfanyabiashara aliutazama ufunguo, akautia mfukoni haraka.

"Huyu mama iko polisi?"

"Ni dada yangu."

"Nabadilisha. Chukua furushi ingine, chukua ile unataka. Mama, nyamaza tu. Nyamaza, mama yangu."

Nilifurahi sana. Kituoni nilimnunulia dada mishikaki miwili. Aliinusa, akanirudishia, akageukia dirisha la taksi. Alikuwa anaona jino la yule mtu. Nikala yake na yangu.

Siku hiyo nilijua kwamba nina bomba ndani ya nyumba yangu, na nikajifunza kulifungua na kulifunga. Akifika pale ninapopataka, nainua mkono, nasema, "Inatosha, dada." Naye ananyamaza. Midomo yake inaendelea kidogo bila sauti, kama mtu anayemeza mwiba wa samaki, kisha inatulia. Sikuwahi kumuuliza hayo mengine yalikuwa nini. Mimi nikisikia bei ninayoitaka, simngojei muuzaji amalize sentensi.

Sasa, binti yangu. Mama yake alifia kambini Tanzania, na aliyembeba mgongoni tulipovuka kuingia Uganda ni dada yangu, na aliyemlea ni huyo huyo. Leo binti huyo ni fundi cherehani Base Camp, na mikono yake haina utani. Alimpenda mwalimu wa shule ya msingi, Mrundi mwenzetu, kijana mpole, mtoto wa mzee mmoja mkulima anayekaa upande wa pili wa kisima. Mzee huyo ndiye anayezungusha kikapu cha sadaka kanisani Jumapili, na hakuna mtu Rubondo anayemsema vibaya. Walipopanga siku ya kuja kutoa mahari, binti alinikalisha kitako.

"Baba, mimi ni huyu tu. Akienda, sitaki mwingine. Nakuomba usinifanyie biashara."

"Nani anafanya biashara?"

"Wewe. Hata Baba Yetu ukiisali unaipunguza."

Nikacheka, nikamwahidi. Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwa dada, aliyekuwa anachambua maharage.

"Dada, huyu mzee wa kikapu, unamjua tangu zamani?"

"Namujua. Siku tuliyofika, pale mapokezi, ndiye alikuwa anatugawia uji. Alikuwa na jipu ku kidole gumba, amelifunga kitambaa cheupe. Jipu lilikuwa limepasuka. Kitambaa kikachomoka, kikaingia mu sufuria. Akaangalia huku, akaangalia huku. Akakoroga."

"Akakoroga!"

"Akakoroga. Halafu ..."

"Inatosha, dada."

Nilisogea mbali na maharage yake. Lakini juu kidogo ya tumbo, pale anapokaa mfanyabiashara, kuna kitu kilikuwa kinapiga makofi. Niliona ng'ombe.

Kwetu baba wa binti hasemi siku ya mahari. Anakaa kama sanamu ya mtakatifu, na msemaji aliyealikwa ndiye anayejibizana na msemaji wa upande wa pili. Wote wawili wanadanganya, na wanadanganya vizuri, kwa sababu ndiyo heshima yenyewe. Mmoja anasema babu zetu walichunga pamoja, mwingine anasema babu yako alimpa wa kwangu ndama mwenye nyota usoni. Hakuna anayedai shahidi. Wasemaji wazuri wanaziunganisha nyumba mbili kwa uongo mtupu mpaka jioni inapofika watu wanaona kweli ni ndugu. Mimi nilikataa kumwalika msemaji. Nilisema nitasema mwenyewe. Wazee walinung'unika, nikawaambia mdomo wangu ninaujua, wa mtu mwingine siujui.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Tulitandaza turubai juu ya uwanja wangu, tukapanga mabenchi yaangaliane, na katikati tukaweka chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, kikiwa na mirija mirefu ya kunyonyea. Chungu hicho ndicho muhuri. Mambo yakikubaliwa, pande zote mbili hunywa humo, mrija unapita mdomo hadi mdomo. Mimi, niseme ukweli, huwa nakuja na mrija wangu, nimeukata mwenyewe, nauweka mfuko wa shati. Mate ya watu siyapendi.

Msemaji wao, mwalimu mstaafu mwenye tai nyekundu, alisimama na kuanza vizuri kabisa.

"Wazee wangu, nyumba hizi mbili hazianzi leo. Tunaleta ng'ombe wanne kwa watu ambao si wageni kwetu. Babu zetu na babu zenu walikula chungu kimoja, na walioshiba chungu kimoja hawaulizani majina."

Watu wakapiga makofi. Hapo nilitakiwa nisimame nimpe ndama mwenye nyota. Nikasimama, nikasema:

"Mzee, umenena. Umetaja chungu kimoja. Basi mimi nina shahidi wa chungu."

Wakacheka. Walidhani ni mchezo, na ni mchezo mzuri. Nikamwita dada yangu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: atafika pale pa "akakoroga", nitainua mkono, benchi lote la pili litatazama miguu yake, na ng'ombe wanne watakuwa sita. Ng'ombe wawili kwa kitambaa kimoja. Hesabu hiyo nilikuwa nimeirudia mara mbili. Kitu ambacho sikuwa nimekihesabu hata mara moja ni ile "halafu".

Dada alisimama, akarekebisha kitenge chake.

"Si babu zetu," akasema. "Ni sisi wenyewe. Na ilikuwa mara moja tu, Alhamisi."

Wakacheka tena, ila kidogo. Alieleza mapokezi, foleni, jua, mwanamke wa mbele yetu aliyekuwa na tetekuwanga, sufuria lenye tundu lililozibwa kwa sabuni. Akaeleza jipu. Akaeleza rangi ya kile kilichokuwa kinatoka ndani ya jipu, na akailinganisha na kitu ambacho watu walikuwa wamekila dakika kumi nyuma, nikaona mikono kadhaa ikiweka sahani chini. Mzee wa kikapu alikifunika kidole gumba chake cha kulia kwa kiganja cha kushoto. Bibi mmoja wa upande wao aligeuka, akatema mate nyuma ya benchi.

"... Akaangalia huku, akaangalia huku. Akakoroga."

Nikainua mkono. "Inatosha, dada."

Aliutazama mkono wangu. Aliutazama muda, kama mtu anayesoma tangazo alilolipita kila siku.

"Haitoshi," akasema.

Akawageukia wakwe.

"Kitambaa kilitokea mu sahani ya uyu kaka yangu. Kilikuwa na manjano katikati na uzi mwekundu pembeni. Akakitazama. Akakinyanyua na vidole viwili, akakitupa nyuma ya jiwe. Mimi nilikuwa hapa, yeye pale, mutoto mapajani kwangu. Sahani yangu ilikuwa haijaguswa. Akaniambia, 'Dada, yako ni ndogo na uko na mutoto. Chukua yangu, ina mingi.' Nikachukua. Yeye akala ile yangu, akaramba mpaka chini. Mimi nikala yake. Mutoto nikamulisha vijiko sita."

Nilitaka kukana. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Niliingia kichwani mwangu kuitafuta Alhamisi hiyo kama mtu anayepekua furushi, nikatoa foleni, nikatoa jua, nikatoa kiu. Uji sikuukuta. Nilikuwa nimesahau kweli, kwa raha zangu zote, kwa miaka kumi na saba, na katikati ya miaka hiyo nilikuwa namwita mke wa gavana.

Lakini nilijua ni kweli, na kilichonijulisha ni ile "ina mingi". Sauti hiyo naijua. Ni yangu ya sokoni. Juzijuzi tu nilimtolea mama mmoja wa Ngarama kwa sauti hiyo hiyo kiatu chenye soli ya gundi: chukua hiki, mama, kina nafasi zaidi. Kwa hiyo biashara yangu ya kwanza katika nchi ya Uganda ilikuwa kumbadilishia dada yangu usaha kwa chakula, na nikamwachia aamini amepewa zawadi. Tena hata hakuamini. Alikuwa ameona.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za sherehe, alizozishona mwezi mzima.

"Shangazi," akasema, "uliona, na ukala?"

"Tulikuwa na siku mbili bila kula, mwanangu. Ningemwaga, ningekulisha nini?"

Upande wa pili watu walianza kuchukua kofia zao. Mwalimu mstaafu alikuwa anakunja karatasi yake vipande vidogo vidogo. Mjomba mmoja wa kijana alisema kwa sauti ya kusikika, "Twende. Hii ni nyumba ya aibu." Sikujua anasema aibu ya nani, na sidhani kama yeye alijua. Kijana mwenyewe hakuinuka. Alikuwa anamtazama binti yangu, na binti yangu alikuwa ananitazama mimi, na sitaki kuyaeleza macho hayo. Dada anaweza kuwaeleza mkimuuliza.

Mzee wa kikapu ndiye aliyesimama. Nilidhani anaondoka. Alikiinua kidole gumba mbele ya watu wote, na kilikuwa na kovu, kama mdomo mdogo uliofungwa.

"Mimi sikumbuki," akasema. "Naapa sikumbuki. Lakini kovu ni hili. Mama, kama nilikoroga, nisamehe. Watu walikuwa wengi na uji ulikuwa ndio huo huo tu."

Dada alimwonyesha benchi.

"Keti, muzee," akasema. "Wakwe waketi. Mimi sikuwafukuza. Niliulizwa chungu, nikasema chungu. Na wewe ni wa kwanza kuniomba radhi kwa Alhamisi ile. Tunywe."

Watu wa kwetu walitazamana. Dada yangu hajawahi kuweka mdomo kwenye mrija wa watu, hata siku ya ubatizo wa mtoto wa baba yetu mdogo, hata siku moja. Mzee alinyonya kwanza, kirefu, mpaka masharubu yakalowa. Dada akachukua mrija ule ule. Hakuufuta. Alifunga macho, akanyonya, nikaliona koo lake likikataa, halafu likitii. Kisha mrija ukazunguka benchi lao lote: mjomba wa kofia, bibi aliyetema mate, mzee mmoja wa ugoro mwenye meno matatu, mwalimu mstaafu. Ukamrudia dada.

Mimi nilikuwa nimeshautoa mrija wangu mfukoni.

Dada aliutazama, akaninyooshea ule uliozunguka.

"Kaka," akasema, "wako ni mufupi. Chukua uyu, ni murefu."

Hakuna aliyecheka. Wale wa kofia walikuwa bado hawajaziweka chini, na nilielewa, kama ninavyoelewa bei ya mwisho ninapoisikia, kwamba nikiufuta mrija ule kwa shati langu, au nikisema tu "ahsante, niko na wangu", binti yangu hana ndoa. Nikauchukua. Ncha yake ilikuwa ya vuguvugu, imetafunwa mpaka imelainika kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Ilikuwa na ugoro. Ilikuwa na kitunguu cha mtu. Nikaitia mdomoni na kunyonya.

Vigelegele vilianza kwa wanawake wa upande wao, vikapokewa na wa kwetu. Ng'ombe walibaki wanne. Binti aliolewa kanisani wiki tatu baadaye, na sasa mzee yule na mimi tunaitana bamwana, kama wanavyoitana kwetu wazazi wa watoto waliooana. Akinipa mkono natazama pengine.

Lakini siku ile ile, jua likiwa bado juu, wageni walipokuwa wamekwenda na sisi tunarudisha mabenchi ya shule, dada alinipita akiwa amejitwika chungu kitupu.

"Ulimeza mara tatu," akasema.

"Mbili. Nilihesabu."

"Tatu. Ya pili ilirudi, ukaimeza tena."